Vitabu vya mapumziko makubwa: habari za wale walioanza kuwachagulia watoto



Kila mwaka, mwezi wa Juni unapofika mwisho, watoto wetu hurudi nyumbani na karatasi za matokeo. Aliyefaulu huimba njiani, aliyeshindwa hupita nyuma ya nyumba. Kisha mlango wa shule hufungwa kwa miezi miwili. Wa vijijini huwafuata wazazi shambani, wa mijini hucheza mpira barabarani mpaka jua kuzama. Hayo yote ni mema, maana mtoto si mashine. Lakini Septemba ikifika, mwalimu humpa mtoto kitabu kilekile alichokuwa anakisoma vizuri, na sasa anakwama kila mstari. Mwalimu hushika kichwa: kumbe kazi ya mwaka mzima imekwenda wapi?

Msidhani kwamba jambo hilo ni la Kongo peke yake. Watu wa nchi nyingine wameliona tangu zaidi ya miaka mia moja, na dawa waliyoitafuta kwanza ni nyepesi: karatasi moja yenye majina ya vitabu, ambayo mtoto hupewa siku ya kufunga shule. Historia ya karatasi hiyo si ndefu, lakini inafaa kujulikana na wazazi na walimu. Ndani yake mna swali zito: nani amchagulie mtoto kitabu, na apime kwa kipimo gani?

Mapumziko makubwa yalitoka wapi?

Wengi husema kwamba shule za Marekani hufungwa wakati wa jua kwa sababu zamani watoto walihitajika shambani. Maneno hayo si kweli sana. Katika karne ya 19 watoto wa vijijini huko walisoma wakati wa baridi na tena wakati wa jua. Waliachiliwa hasa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Katika miji mikubwa shule zilikuwa wazi karibu mwaka mzima.

Basi mapumziko makubwa yalizaliwaje? Kwa sababu kadha wa kadha. Miji ilikuwa na joto kali, na watu wenye mali walikimbilia milimani na pwani pamoja na watoto wao, hata madarasa yakawa nusu tupu. Tena walikuwapo waliofundisha kwamba akili ya mtoto ikitumikishwa bila kupumzika huchoka na kuugua. Na wakubwa wa shule walitaka kalenda moja kwa mji na kijiji. Mwisho wa karne hiyo mapumziko ya miezi ya jua yalikuwa yamekwisha kuwa desturi.

Kwetu Kongo kalenda ililetwa na Wabelgiji. Julai na Agosti ni miezi ya jua huko Ubelgiji, ndiyo maana ni miezi ya mapumziko hapa. Watoto wa Lubumbashi hupumzika kwa sababu ya jua la Ulaya, wakati wenyewe wanaota moto asubuhi kwa baridi ya Julai! Lakini miezi miwili ni miezi miwili, iwe ya joto au ya baridi, na mtoto anayeipitisha bila kusoma hasahau kidogo.

Bibi Hewins wa mji wa Hartford

Mwaka 1875 mwanamke mmoja, jina lake Caroline Hewins, alipewa kazi ya kutunza vitabu katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Alizaliwa mwaka 1846, na tangu utoto alikuwa msomaji mkubwa. Nyumba ile ya vitabu ilikuwa mali ya chama, na waliotaka kuazima walilipa ada ya mwaka. Watoto hawakufikiriwa sana. Siku zile maktaba nyingi za Marekani hazikumpokea mtoto asiyetimiza miaka 12 au 14, maana watu waliona kwamba mtoto atachafua vitabu na kupiga kelele.

Bibi Hewins alitazama vitabu ambavyo vijana walivipenda. Tangu mwaka 1860 kampuni moja ya New York ilikuwa imeanza kuuza hadithi za bei ndogo, senti 10 kitabu kimoja, zenye vita, wezi na mapigano. Baadaye zikaja hadithi nyingi za kijana maskini anayepata mali kwa bahati, zote za namna moja kama matofali ya tanuru moja. Vijana walizimeza. Bibi Hewins hakuzipenda. Lakini alijua kwamba kumnyang'anya kijana kitabu kibaya bila kumpa kingine ni kumfundisha kujificha. Basi akaanza kutafuta vilivyo bora: hadithi za ndugu Grimm, za Andersen, masimulizi ya Wagiriki wa kale, safari, habari za wanyama na mimea.

Mwaka 1882 alifanya mambo mawili ambayo hayakusahauliwa. La kwanza, alitoa kijitabu kiitwacho Books for the Young, yaani vitabu vya vijana, kiwe kiongozi cha wazazi na watoto. Humo alipanga majina ya vitabu vingi kwa mafungu, akaongeza mashauri kwa wazazi. La pili, aliandikia maktaba 25 akiziuliza zinafanya nini ili wavulana na wasichana wapende kusoma vitabu vizuri. Majibu akayasoma mbele ya mkutano wa watunza vitabu wa nchi yake. Wengine walijibu kwamba hawafanyi neno. Hata jibu la namna hiyo lilisaidia, maana liliwafanya watu waone haya.

Mwaka 1892 maktaba ya Hartford ilifunguliwa kwa watu wote bila malipo, na mwaka 1904 watoto wakapata chumba chao wenyewe. Tena Bibi Hewins hakukaa mezani akingoja watu. Kwa miaka 12 alihamia katika nyumba ya huduma iliyokuwa kati ya watu maskini, wengi wao wageni kutoka Ulaya, akaazimisha vitabu hapohapo. Alikufa mwaka 1926. Mashauri yake kwa wazazi yanaweza kusemwa kwa maneno machache: msomeni pamoja na watoto, na msiwape tu vitabu vilivyo chini ya akili yao, wapeni pia vile wanavyopaswa kuvikulia.

Chama cha watoto wa Cleveland

Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, kazi ilichukua umbo jingine. Huko mkuu wa maktaba, William Howard Brett, alikuwa amewaruhusu watu wapite wenyewe kati ya rafu na kushika vitabu kwa mikono yao. Leo twaona jambo hilo kuwa la kawaida, lakini wakati ule maktaba nyingi ziliweka ukuta wa meza kati ya msomaji na kitabu.

Msaidizi wake, Linda Eastman, alikuwa amefundisha shule kabla ya kuingia maktaba, naye alijua vema yale yanayowapata watoto shule ikifungwa. Katika miaka ya 1890 alipeleka orodha za vitabu mashuleni, watoto wapate kujua la kusoma wakati wa mapumziko. Mwaka 1897 kikaundwa chama cha watoto wasomaji. Kila mwanachama aliahidi kutunza vitabu, asivikunje, asivichafue, na kuwaonya wenzake. Watoto wakaingia kwa maelfu.

Tuangalie akili ya jambo hilo. Watu wazima walikuwa wakisema: watoto wataharibu vitabu, tuwafungie mlango. Eastman akasema: tuwafanye wawe walinzi wa vitabu. Mtoto ambaye amekabidhiwa kitu hukichunga kuliko mtoto anayeshukiwa. Mwaka 1918 Linda Eastman mwenyewe akawa mkuu wa maktaba ya Cleveland, mwanamke wa kwanza kuongoza maktaba kubwa namna ile katika nchi yake.

Ahadi ya watoto wa New York

Anayejulikana kuliko wote ni Anne Carroll Moore, aliyezaliwa mwaka 1871. Mwaka 1906 alipewa kuongoza kazi ya watoto katika maktaba zote za umma za mji wa New York. Alikuta vitabu vya watoto vimefungiwa makabatini. Akafungua makabati, akaweka viti vifupi na meza fupi, akaleta wasimulizi wa hadithi. Mji ulikuwa umejaa wageni waliotoka Italia, Urusi, Poland na kwingineko, kwa hiyo akaagiza vitabu vya lugha zao pia. Mtoto aliyetaka kuazima aliandika jina lake katika daftari kubwa, akiahidi kutunza vitabu na kutii sheria za maktaba. Kwa watoto wengi maskini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuandika jina lao mahali penye heshima.

Bibi Moore aliandika sana magazetini juu ya vitabu vya watoto, na orodha zake zilikuwa na nguvu kubwa. Kitabu alichokisifu kilinunuliwa. Kitabu alichokinyamazia kilibaki dukani. Lakini hata mtu mwenye hekima hakosi kukosea. Mwaka 1947 Margaret Wise Brown alitoa kitabu kidogo cha kulaza watoto, Goodnight Moon. Maktaba ya New York, iliyokuwa bado inafuata mapendezi ya Bibi Moore, haikukinunua. Rafu zake zilikikosa mpaka miaka ya 1970, na wakati huo wazazi wa nchi nzima walikuwa wakikisoma kila usiku vitandani mwa watoto wao. Watoto walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao.

Kutoka Marekani mpaka Brussels

Vita vya 1914 mpaka 1918 viliharibu Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa. Vilipokwisha, wanawake fulani wa Marekani waliunda kamati ya kutoa maktaba za watoto kama zawadi kwa nchi zile. Ya kwanza ilifunguliwa Brussels tarehe 24 Septemba 1920, nayo ikaitwa L'Heure Joyeuse, maana yake saa ya furaha. Ya Paris, yenye jina lilelile, ilifunguliwa tarehe 12 Novemba 1924.

Wazazi wengine wa Paris walishangaa. Wavulana na wasichana chumba kimoja! Watoto wanachagua wenyewe kitabu rafuni! Tena watoto walisaidia kazi: kuazimisha, kupanga vitabu, kuwaongoza wageni. Watunza vitabu wa kwanza, Claire Huchet, Marguerite Gruny na Mathilde Leriche, walisoma kila kitabu kabla ya kukiweka rafuni. Wakaandika orodha zilizotumika katika shule na maktaba za Ufaransa kwa miaka mingi.

Orodha inayokataza

Katika Ulaya ilikuwapo pia namna nyingine ya orodha. Mwaka 1904 padri mmoja Mfaransa, Louis Bethléem, alitoa kitabu kikubwa cha kuwaongoza wasomaji. Jina lake lenyewe lilisema kazi yake: Romans à lire et romans à proscrire, yaani hadithi za kusoma na hadithi za kukataza. Aliwapanga waandishi katika mafungu: hawa wasisomwe na mtu, hawa wasomwe na watu wazima tu, hawa waweza kupewa vijana, hawa hata watoto. Kitabu kilichapwa mara nyingi, na maparokia mengi yalikitumia kuchagulia maktaba zao.

Tusimcheke. Alijua kwamba kitabu ni kama chakula, na chakula chaweza kuwa na sumu. Mzazi asiyejua mwanawe anasoma nini, na leo tuongeze, anatazama nini katika simu, hawezi kusema anamlea. Lakini kukataza peke yake kuna upungufu mbili. Kwanza, mtoto hujua haraka ni kitabu gani kimekatazwa, naye hukitafuta kwa bidii. Pili, mkatazaji huona ubaya anaouogopa, na ubaya asiouogopa humpita machoni.

Tuna mfano unaotugusa sisi wenyewe. Tarehe 10 Januari 1929 gazeti la kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle, katika nyongeza yake ya watoto, lilianza kuchapa hadithi za picha za kijana Tintin, zilizochorwa na Hergé. Mwaka 1930 na 1931 Tintin akapelekwa Kongo. Hergé hakuwa amekanyaga nchi yetu. Alichora alivyosikia na alivyodhani: watu weusi kama watoto wakubwa, wavivu, wenye kusema maneno ya ajabu, wanaomwinamia kijana mgeni na mbwa wake. Hadithi ile haikuwa na mapenzi ya aibu wala matusi kwa dini, kwa hiyo wengi waliihesabu kuwa safi, wakawapa watoto wao. Ubaya wake hawakuuona, maana haukuwa katika daftari ya makosa waliyozoea kuyatafuta. Hergé mwenyewe baadaye alikiri kwamba alichora mawazo ya watu waliomzunguka. Mkongo mmoja aliishitaki hadithi hiyo Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kuizuia. Tuseme lolote juu ya hukumu hiyo, swali linabaki: mtoto wa Kongo akiona watu wake wamechorwa hivyo, anajifunza nini juu ya baba yake?

Mtoto asiyejiona katika kitabu

Swali hilo lilijibiwa kwa kazi, wala si kwa maneno tu, katika mtaa wa Harlem, New York, ambako Wamarekani weusi wengi walikaa. Mwaka 1921 maktaba ya barabara ya 135 ilimwajiri msichana kutoka kisiwa cha Puerto Rico, Pura Belpré. Alitafuta rafuni hadithi alizosimuliwa na nyanya yake, asizione hata moja. Desturi ya maktaba ilikuwa kusimulia hadithi zilizochapwa tu. Yeye akaomba ruhusa asimulie hadithi ya Pérez, panya aliyempenda Martina, ingawa haikuwa katika kitabu chochote. Wakaipenda. Mwaka 1932 ikachapwa kitabu. Kisha akawakusanya watoto waliosema Kispaniola, akawasimulia kwa lugha yao na kwa Kiingereza. Wazazi ambao hawakuwahi kuingia maktaba wakidhani si yao, wakaanza kuja wakiwa wameshikwa mkono na watoto.

Mwaka 1937 akaingia kazini hapohapo mwanamke mweusi, Augusta Baker, aliyezaliwa Baltimore mwaka 1911. Alipofungua vitabu vilivyosema juu ya watu weusi, alikuta vingi vinawadhihaki: watumishi wajinga, midomo imechorwa kwa kuchekesha, maneno yamevunjwavunjwa. Na watoto waliosoma vitabu hivyo kila siku walikuwa weusi! Hakuridhika kulalamika. Alichukua kila kitabu akakipima kwa mambo matatu: lugha yake, habari yake, picha zake. Vilivyofaulu akaviweka katika mkusanyo wa pekee, na mwaka 1946 maktaba ya New York ikachapa orodha yake. Tena alikwenda kwa waandishi na wachapaji akiwaambia ni vitabu gani vinakosekana. Mwaka 1961 akapewa uongozi wa kazi ya watoto katika maktaba yote, kiti kilekile cha Bibi Moore.

Kazi ilikuwa bado ndefu. Mwaka 1965 mwalimu Nancy Larrick alihesabu vitabu zaidi ya 5,000 vya watoto vilivyotolewa Marekani katika miaka mitatu, 1962 mpaka 1964. Vyenye mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au katika picha, vilikuwa asilimia 6.7 tu, yaani karibu 7 katika kila 100. Anasimulia kwamba alisukumwa kuandika na swali la mtoto mweusi wa miaka mitano, aliyeuliza kwa nini watoto wa vitabuni ni weupe siku zote.

Je, orodha husaidia kweli?

Msomaji mwenye mashaka atauliza: hayo ni mapenzi mema, lakini ushuhuda uko wapi? Uko. Mwaka 1978 Barbara Heyns alitoa kitabu juu ya watoto wa mji wa Atlanta. Aliwapima wakati wa masomo na tena baada ya mapumziko. Aliona kwamba wakati wa masomo mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri hawaachani sana katika mwendo. Wanaachana zaidi wakati wa mapumziko. Na kati ya mambo yote aliyoyapima, kusoma vitabu ndiko kulikosaidia kwa hakika, na maktaba ya umma ilisaidia kuliko nyumba nyingine ya watu wote.

Baadaye Richard Allington na Anne McGill-Franzen walijaribu jambo moja katika shule 17 za Florida zenye watoto wengi maskini. Waliwaonyesha watoto vitabu vingi, wakamwambia kila mmoja achague mwenyewe, wakampa vitabu 12 kabla ya mapumziko. Walifanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2010 yalionyesha kwamba watoto wale walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa vitabu, na waliofaidiwa zaidi ni maskini kabisa. Walichagua nini? Wengi walichukua vitabu juu ya waimbaji na watu wa sinema. Pengine Bibi Hewins angeguna. Lakini walisoma.

Hapo ndipo historia hii yote inapokutana. Bibi Hewins alitufundisha kwamba lazima mtu mzima achague vilivyo vyema. Watoto wa Florida wanatufundisha kwamba mtoto naye lazima aachiwe nafasi ya kuchagua. Mambo hayo mawili hayapingani. Mama huamua ni chakula gani kinaingia nyumbani, lakini hamshiki mtoto kidevu kwa kila tonge.

Na sisi tufanye nini?

Wengine watasema: sisi hatuna maktaba, na kitabu ni ghali. Ni kweli. Lakini parokia yenye vitabu 20 katika sanduku la mbao inaweza kuanza. Mtu mmoja mwaminifu ashike daftari: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Watoto wawili wakubwa wawekwe kuwa walinzi, kama wale wa Cleveland. Siku moja ya juma, baada ya Misa au baada ya katekisimu, sanduku lifunguliwe chini ya mti, na mzee mmoja aitwe kusimulia hadithi moja ya zamani. Hadithi hiyo vijana waiandike katika daftari. Pura Belpré hakuanza na zaidi ya hayo.

Na vitabu gani? Kwa wadogo, kwanza hadithi zetu za Sungura na wenzake, ziwe zimechapwa au zimeandikwa kwa mkono. Kisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, kitabu cha Waingereza kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, ambamo msichana Elisi amechorwa kuwa mtoto wa Kiafrika. Wanaosoma Kifaransa wataipenda hadithi ya Pinocchio, ya Mwitalia Carlo Collodi, iliyotoka kitabu mwaka 1883: mtoto wa mti anayekimbia shule na kuona cha mtema kuni.

Kwa wenye miaka 11 mpaka 13, kuna Kisiwa chenye Hazina na Safari za Gulliver, zilizoletwa katika Kiswahili na Frederick Johnson kabla ya vita vya pili. Kuna pia Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Kiswahili chake kitawasumbua mwanzoni, nacho kitawafaa baadaye. Kwa Kifaransa kuna Sans famille ya Hector Malot, ya mwaka 1878, habari za mtoto wa kuokotwa anayetembea Ufaransa nzima akitafuta mama yake. Wachache hufika mwisho wake bila machozi.

Kwa vijana wa miaka 14 na zaidi, tuna vyetu wenyewe. Ngando, ya Mkongo Paul Lomami Tshibamba, ilipata zawadi Brussels mwaka 1948. Mwanzo wake ni mtoto aliyeacha kwenda shule, akaenda kuoga mtoni, akakamatwa na mamba. Le Pagne noir ya Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire, ya mwaka 1955, ina hadithi za usiku kama zile za wazee wetu. Na L'Enfant noir ya Camara Laye wa Guinea, ya mwaka 1953, yaeleza utoto wa mwana wa mhunzi: moto wa baba yake, mavuno kwa mjomba, na uchungu wa mama mwana anapokwenda mbali kwa masomo. Kijana wa Kongo atamwona humo baba yake mwenyewe, wala hatachekwa.

Wazazi, kabla ya kumpa mtoto kitabu, kisomeni, au mwombeni anayejua kusoma awasomee. Tazameni lugha, habari na picha, kama Augusta Baker. Kisha wekeni vitabu vitatu mezani, mmwache mtoto achukue kimoja. Jioni mwambieni awasomee ukurasa mmoja kwa sauti. Mama asiyejua kusoma asione haya. Masikio yake yanatosha, na mtoto atafurahi kumfundisha mama yake neno jipya. Mkifanya hivyo kila jioni ya Julai na Agosti, zitakuwa kurasa 62. Mwalimu wa Septemba atazitambua bila kuambiwa.